Alhamisi, Saa Nne: Umeruka Mara Kumi

Mume wangu alikuwa na wivu kabla hajawekewa betri. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mtu asije akakisingizia kile kidude cha watu, maana nimewasikia majirani wakinong'ona kwamba tangu afanyiwe upasuaji amebadilika. Hajabadilika hata chembe. Wivu wa Chuma ni wa tangu na tangu. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza alikuwa akinisindikiza kliniki, mahali ambapo hakuna ila wanawake wenye matumbo yao, na bado alikaa kwenye benchi la nje akiwakagua wanaume waliopita barabarani, mmoja baada ya mwingine. Wenzangu walinicheka. Mimi nilijiona malkia. Ujana una mambo yake. Tuliamini kuwa mke asiyeonewa wivu ni mke asiyependwa, na mimi nilikuwa napendwa mpaka nakosa pumzi.

Chuma ni jina la mtaani. Ni fundi wa kuchomelea: mageti, madirisha, vitanda. Mikono yake ina makovu ya cheche toka vidoleni mpaka viwikoni. Karakana yetu iko kando ya barabara, ina paa la bati na ukuta mmoja tu wa nyuma, mbele kuko wazi ili mpita njia aone kazi inavyokwenda. Mimi nilianza pale kama mpaka rangi. Baadaye nikawa naandika oda, kwa sababu mwandiko wa Chuma ulikuwa unatutia aibu: tarakimu zake safi, lakini herufi zake kama vijiti vya kuchomelea vilivyomwagika sakafuni. Hakuna aliyeweza kuusoma ila mimi.

Na kulikuwa na kazi moja niliyoipenda kuliko zote, kazi ya kupima. Geti halipimwi na mtu mmoja. Mmoja hushika ncha ya futi kwenye nguzo ya huku, mwingine huivuta mpaka nguzo ya kule akasoma namba. Kisha wanabadilishana pande wanapima tena, na namba zikikataana wanarudia. Hiyo ni sheria ya karakana yetu. Chuma aliiweka mwenyewe baada ya kutengeneza geti lililogoma kuingia mahali pake kwa upana wa kidole. Kwa miaka zaidi ya ishirini mimi nilishika ncha ya huku na yeye ya kule. Tumegombana, tumepatana na tumechagua majina ya watoto wetu wawili futi ikiwa katikati yetu.

Miaka miwili iliyopita akaanza kuanguka. Mara ya kwanza tukasema ni jua. Mara ya pili tukasema ni njaa. Mara ya tatu alianguka mashine ikiwa mkononi, mwenzake akaruka kuzima umeme, na hapo hatukuwa na la kusingizia tena. Hospitali wakasema moyo wake umekuwa mzembe: unapiga taratibu mno, na mara nyingine unasimama kabisa, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Wakamwekea betri ya moyo chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, kitu kidogo tu, ukubwa wa kiberiti. Mtaani wakacheka, "Sasa huyu amekuwa Chuma kwelikweli." Yeye mwenyewe alicheka nao, mpaka siku daktari alipomwambia asiisogelee tena mashine ya kuchomelea, kwa kuwa umeme wake unaweza kuivuruga ile betri.

"Hata kuishika tu?" akauliza.

"Hata kuiinamia, mzee," alisema daktari. Ni binti mdogo, rika la kitindamimba wetu, sauti ya upole lakini akisema amesema.

Siku ileile Chuma alipita karakanani akamkabidhi Shoto ngao yake ya uso. Shoto ndiye huyo mwenzake wa kazi aliyezima umeme. Anatumia mkono wa kushoto, ndiyo sababu ya jina hilo. Ni mgane, na kwetu alikuwa ameshafanya kazi miaka minane. Fundi hodari, ila maneno yake ni ya kuhesabika, utadhani anayanunua dukani. Mtu wa aina hiyo huwezi kumwachia wateja. Ilibidi awepo mtu wa kuwapokea, kuwabembeleza na kuwazungusha kidogo kazi ikichelewa, na mtu huyo akawa mimi. Chuma nyumbani, mimi kazini. Na kama nilivyosema, geti halipimwi na mtu mmoja.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji tulikuwa tunakunywa chai asubuhi, kikombe chake kikakwama hewani.

"Umeruka," akasema.

"Nini?"

"Moyo. Umeruka, ukasimama, halafu umegonga kwa nguvu kama mtu anabisha hodi kwa ngumi."

Nikatupa kanga mabegani tukakimbilia hospitali, mimi moyoni nikisema betri imekufa na mume wangu yuko njiani kuifuata. Daktari akamwekea kidude chake kifuani, akasoma kwenye kompyuta, akasema betri nzima kabisa. Kinachoruka ni moyo wenyewe. Unatoa mapigo ya ziada, yanakuja kabla ya wakati wake, kisha unatulia kidogo, na lile pigo linalofuata ndilo linalogonga kwa kishindo. Watu wengi wanayo, akasema, na misuli ya moyo wa mzee ina nguvu, kwa hiyo hakuna hatari.

Chuma hakuridhika. Yeye ni fundi na alitaka kujibiwa kifundi. "Sasa mmeniwekea mashine ya nini, kama moyo bado unajiamulia?"

"Mashine yako kazi yake ni kuusukuma moyo ukichelewa, mzee. Ukiwahi, inanyamaza inasubiri. Ina mafuta, haina breki."

Tungeishia hapo kama mume wangu angekuwa mtu mwingine. Lakini alikuwa Chuma, na alikuwa nyumbani kutwa nzima, hana chuma cha kukata wala mtu wa kumfokea. Akaanza kuusikiliza. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, macho kwenye dari. Ukimsemesha anainua kidole: subiri. Nami nasubiri, mboga inapoa, namtazama mwanaume wangu akizungumza na kifua chake. Nitasema ukweli wangu hapa, maana nikiuficha sitaeleweka. Niliuonea wivu ule moyo. Ulikuwa unasikilizwa kuliko nilivyowahi kusikilizwa mimi toka niolewe. Mwanamke anajua namna ya kupambana na mwanamke mwenzake. Sasa nitapambana vipi na kitu kilichomo ndani ya mume wangu mwenyewe?

Jioni moja nikarudi na kisa. Mteja mmoja msumbufu alikuja anataka geti ambalo, kwa maneno yake, halipitishi hata mbu. Alituzungusha nusu saa nzima. Mwishowe Shoto, aliyekuwa hajafungua mdomo toka asubuhi, akainua ngao ya uso akamwambia, "Hilo linaitwa ukuta," akaishusha akaendelea na kazi. Nilimsimulia Chuma huku machozi ya kicheko yananitoka. Hakucheka. Mkono ulikuwa kifuani.

"Umeruka," akasema.

"Pole, baba watoto."

"Umeruka ulipomtaja Shoto."

Toka hapo ikawa dini. Moyo ukiruka nikiwa kwenye simu, aliyepiga ni Shoto. Ukiruka nimechelewa, nimecheleweshwa na Shoto. Nikamwuliza siku moja, "Yaani moyo wako wenyewe unasukumwa na betri, na bado unataka uwe nabii?" Akanijibu bila kutabasamu, "Mdomo hudanganya, mama watoto. Macho nayo hudanganya. Moyo haudanganyi." Shoto maskini ya Mungu alikuwa na desturi ya kuja kumjulia hali kila Ijumaa na mfuko wa matunda. Chuma alimpa kiti, akakaa mbele yake, na muda wote wa mazungumzo, kama yale yaliitwa mazungumzo, alishika mshipa wa mkono wake akimkodolea macho. Shoto akanifuata jikoni akaninong'oneza, "Shemeji, kaka anaumwa mkono?" Tulipomsindikiza mpaka mlangoni Chuma akasema peke yake, lakini kwa sauti ya kusikika, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Wivu wa zamani niliuzoea. Ulikuwa unapiga kelele, unavunja sahani moja, unakwisha. Huu mpya ulikuja na cheti cha hospitali. Ukibishana nao unamwua mtu. Akaanza kuniambia niache karakana. Hakugomba hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema kwa sauti ya mgonjwa, "Wewe nenda tu. Ila nikikutwa nimelala hapa sakafuni, mjue wakati huo mlikuwa wapi."

Nikamweleza dada yangu kwa simu. Akaniambia niache, kazi zipo ila mume ni mmoja. Rahisi kusema. Dada yangu hajawahi kusimama barabarani akaona geti alilolipima mwenyewe linafunguliwa na wenye nyumba wanapiga makofi. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanakuja wanauliza, "Mama yupo?" Hawaulizi Chuma yuko wapi. Wanauliza mimi. Nilikuwa nimeionja heshima hiyo na sikutaka kuitema. Lakini sikutaka pia kuwa mjane kwa ajili ya futi na rangi, na kila asubuhi nilipofunga mlango nyuma yangu nilikuwa nauliza kama ninakwenda kazini au ninakwenda kuua.

Basi nikamrudia daktari, naye akatupa kipimo. Alimbandika Chuma kidude bapa kifuani, kinachoandika kila pigo la moyo, usiku na mchana, kwa wiki nzima. Akampa na daftari dogo. Kila akisikia moyo umeruka aandike siku, saa, na alikuwa anafanya nini. "Uandike kila kitu, mzee, usinifiche," akamsihi, na Chuma akajibu, "Binti yangu, mficha uchi hazai."

Njiani kurudi tukawekeana ahadi, na nililitoa wazo hilo mimi mwenyewe, mdomo wangu huu. Kipimo kikionyesha kwamba kazi yangu ndiyo inayomrusha moyo, naacha. Jumatatu itakayofuata namwambia Shoto atafute mtu mwingine wa kumshikia ncha ya futi. Kikionyesha vingine, sitaki kusikia tena neno karakana ndani ya nyumba yangu. Tukapeana mikono kama wafanyabiashara.

Wiki hiyo niliishi kwa kujibana. Simu za kazi nilizipokelea uani. Nikitaka kucheka namtazama kwanza. Yeye alikuwa na daftari lake mfukoni na kalamu sikioni, na nikipita mbele yake nasikia kalamu inakwaruza. Alhamisi tulikuwa na geti la kupima kwa mwalimu mmoja mstaafu, nyumba ya tatu toka kwetu. Nilikuwa nimeshika ncha yangu kwenye nguzo, Shoto kavuta futi mpaka upande wa pili, nikainua macho nikamwona Chuma kwenye kona. Amesimama na pajama na viatu vya kanisani. Alitutazama, akashika mkono wake, akatutazama tena. Kisha akaliegemeza daftari ukutani akaandika. Shoto akasoma namba, mimi sikuisikia, akairudia mara mbili.

Jumamosi sikwenda kazini. Nilisema kichwa kinaniuma. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mchana, baada ya kula, nikatandika mkeka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta. Chuma akaja akalaza kichwa mapajani mwangu, nikamng'oa mvi moja moja kama zamani. Tukalikumbuka lile geti lake lililokataa kuingia, na jinsi mwenye nyumba alivyompa patasi akamwambia achonge ukuta. Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Ilikuwa saa nane, ikawa saa tisa, ikawa saa kumi, na hakugusa mkono wake hata mara moja. Daftari lilibaki ndani kwenye shati. Nikajisemea kimoyomoyo: basi yamekwisha. Nikiwa hapa moyo umetulia. Mume wangu ana haki, mimi ndiye ugonjwa wake. Nilianza hata kuyapanga maneno ya kumwambia Shoto, na nilipokuwa nayapanga nilikuwa naendelea kucheka ili asijue.

Siku ya majibu daktari alilifungua lile daftari, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Mzee, hii ni lugha gani?"

"Kiswahili."

"Mama, wewe unaweza kuusoma mwandiko huu?"

Chuma akanyoosha mkono haraka. "Lete, nitasoma mwenyewe." Lakini miwani alikuwa ameiacha nyumbani, akalivuta daftari, akalisukuma mbali, akalivuta, mwishowe likarudi mezani. Katika dunia nzima mtu aliyeweza kulisoma alikuwa mmoja. Nikalichukua. Nilidhani nitakuta habari za moyo.

"Jumatatu, saa mbili asubuhi," nikasoma. "Amevaa gauni la bluu. Gauni la bluu la nini kwenye vumbi la chuma. Umeruka mara tatu."

Daktari akaacha kuandika.

"Jumatatu, saa saba. Nimempigia simu, nyuma yake mtu amekohoa. Si kikohozi cha mteja. Mara nne. Jumanne, saa kumi na moja. Amechelewa dakika ishirini. Anasema foleni. Mara sita. Jumatano, jioni. Ameimba akiosha vyombo. Zamani alikuwa haimbi. Mara mbili."

"Inatosha," Chuma akasema.

"Haitoshi," nikamwambia. "Daktari anataka kila kitu." Sauti yangu ilikuwa imenyooka, hata mimi nilishangaa. Nilikuwa nasoma kwa namna ileile ninavyowasomea wateja oda zao. Ndani nilikuwa nawaka. Wiki nzima nilidhani naishi na mgonjwa, kumbe naishi na karani wangu. Hata kuimba! Nilikuwa sijui kama naimba.

"Alhamisi, saa nne. Yeye kashika ncha ya huku, yule kashika ncha ya kule. Umeruka mara kumi."

Nikaendelea mpaka Ijumaa, alipoandika kwamba nimemwekea Shoto sukari kwenye chai bila kumwuliza kiasi gani. Jumamosi ukurasa ulikuwa mweupe. Nikalifunga, nikamrudishia daktari, nikakunja mikono yangu mapajani na kungoja hukumu.

Daktari alichukua muda. Alikuwa na karatasi zake za kipimo, akaweka daftari pembeni yake, akawa anapitisha kalamu huku na huku. Alisema mapigo ya ziada yapo kila siku, asubuhi, mchana, hata mzee akiwa usingizini. Kwa wiki nzima ni maelfu, na aliyoyasikia ni machache sana. Jumatatu saa mbili, ndiyo, yapo mawili matatu. Jumanne saa kumi na moja hamna. Kisha akafika mahali akarudi nyuma, akasoma tena.

"Alhamisi saa nne," akasema. "Hapa hakuna."

"Hakuna nini?" nikauliza mimi.

"Hakuna pigo la ziada hata moja, mama. Toka saa tatu na nusu mpaka karibu saa tano. Moyo umekwenda mbio kidogo, kama wa mtu aliyetembea au mwenye hasira, lakini umenyooka." Akafunua karatasi nyingine. "Muda ulioongoza kwa wiki nzima ni Jumamosi, saa nane mpaka saa kumi. Mapigo mia sita na kitu. Mzee, hapa hukuandika chochote. Ulikuwa umelala?"

Chuma alikuwa anatazama viatu vyake.

"Alikuwa na mimi," nikasema.

Daktari akatueleza kwamba mara nyingi ndivyo yalivyo, huja mtu akitulia, na moyo ukienda mbio hupotea. Akaandika dawa ya kuyapunguza. Zamani, akasema, asingethubutu kumpa, ingeuzembesha moyo zaidi. Sasa betri ipo italinda. Akamwambia apunguze na kahawa. Alikuwa anafunga faili nilipomshika mkono.

"Daktari, niambie wazi. Nikienda kazini, namwua?"

Alinitazama, akamtazama Chuma, na nadhani ndipo alipoelewa daftari lile lilikuwa la nini. "Hapana, mama. Nenda kazini."

Ungedhani ningetoka pale nikicheza. Nilikuwa nimeshinda, mbele ya shahidi, kwa karatasi. Lakini nilitoka na hasira. Jumamosi nilikuwa nimeshaiacha kazi yangu. Nilikuwa nimeizika mwenyewe pale kwenye mkeka, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na moyo wake wakati huo ulikuwa unarukaruka kwa raha zake wala hauna habari.

Tukakaa kwenye benchi la dirisha la dawa. Watu kumi na wawili mbele yetu.

"Alhamisi," nikasema bila kumgeukia. "Ulisikia, au uliandika tu?"

"Mashine nazo hukosea."

"Usiniletee mashine. Nakuuliza wewe."

Wakaitwa watu watatu. Mama mmoja akabishana na mtoa dawa kuhusu rangi ya vidonge, akaondoka. Chuma alikuwa ameshikilia kofia yake kwa mikono miwili.

"Haukuruka," akasema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Niliushika mkono nikangoja. Nikasema sasa hivi, sasa hivi. Ukatulia tuli, unawatazama tu. Nilichukia! Nikasema hata wewe umenisaliti." Akaizungusha kofia. "Mama watoto, moyo haukuruka. Niliruka mimi."

Nikaikunja karatasi ya dawa mara mbili.

"Nikikwambia kaa nyumbani kwa sababu nina wivu, utanicheka. Nikikwambia kwa sababu nitakufa, utakaa. Na ulikuwa unakaribia kukaa. Nilikuona Jumamosi."

Aliniona! Nilicheka vile kumficha, na aliniona, na aliniacha. Ningeweza kumzaba kofi mbele ya wagonjwa wote wale. Badala yake nikasema, "Kesho kuna geti la kupima upande wa pili wa mji. Naenda na Shoto."

"Nenda."

"Sikuombi ruhusa."

"Najua," akasema, na namba yetu ikaitwa.

Kesho yake nilimwambia nitarudi saa saba. Kazi ilikwenda vizuri. Namba zilikubaliana mara ya kwanza, na saa tano na nusu Shoto alikuwa ameshaikunja futi. Ningeweza kuwa nyumbani saa sita. Sikwenda. Nilimuaga Shoto, nikaingia maduka ambayo sikuwa na haja nayo, nikagusa vitambaa, nikakaa kwenye benchi la kituo cha basi nikiacha mabasi yanapita. Nilifika nyumbani saa tisa kasoro, makusudi, na nilikuwa nimeyanoa majibu yangu yote.

Chuma alikuwa kizingitini, mikono miwili juu ya magoti, imekaa kama imewekwa pale na mtu mwingine.

"Pole na kazi," akasema.

"Nimechelewa."

"Chakula kipo, nimekifunika."

Akaniwekea maji ya kunawa, akakaa upande wa pili wa meza. Nikala kidogo, nikangoja. Aliniuliza kama nguzo za mteja zilikuwa za zege au za tofali. Nikamwambia zege. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema zege ni nzuri, bawaba hazilegei. Nikasema jua lilikuwa kali. Akasema kweli. Nikasema, na Mungu anisamehe kwa sababu ulikuwa uongo mtupu, "Shoto kaninunulia soda, tukakaa kivulini tukazungumza weee, ndiyo maana."

Nilimtazama mikono. Haikutoka magotini.

"Ana roho nzuri yule," akasema Chuma, akanisogezea chumvi. Kila nilichokigombania nilikuwa nimekipata, na bado niliitazama ile mikono nikiomba mmoja uende kifuani.